Jina Kwenye Kitufe cha Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba

Ukungu hadi dirishani. Nimefika karakana nusu ya mwili macho, nusu usingizini. Hali bora kabisa kwa kazi ya vanishi. Mkono unazungusha kitambaa wenyewe, kichwa kinakwenda kinakotaka.

Leo imeletwa piano kongwe kwa matengenezo, ya enzi za Hollweg wa kwanza, yule aliyeanzisha karakana. Fundi Immelmann akauvuta nje mtambo wa vinyundo pamoja na vitufe vyake, akainama, akatuita. Kwenye ubavu wa kitufe cha kwanza kabisa, kile cha mwisho kushoto, palikuwa na majina. Kwa penseli! Aliyechonga ubao wa sauti. Aliyefunga nyuzi. Aliyezilinganisha. Na chini kabisa, aliyetia sauti: Immelmann. Babu yake! Mzee akavua kofia. Sote tukavua. Hata Knoop, ambaye kanisani huingia nayo.

Nikauliza, na aliyepaka vanishi? Knoop, mfunga nyuzi wetu, mtu mwenye mikono minene na ulimi mwembamba, akasema fundi wa vanishi haandiki jina, haijawahi kutokea, na kwani hilo silijui baada ya miaka yote hii?

Nilikuwa nalijua. Halijawahi kuniuma. Leo limeniuma.

Nikaenda ofisini kwa Mama Hollweg, mjane wa mwenye karakana na sasa mwenye karakana mwenyewe. Nikamweleza kwamba piano ya miaka mia, ile mpya ya kuadhimisha miaka mia ya karakana, tutakayoikabidhi wiki ijayo Sikukuu ya Mtakatifu Martin, nimeipaka mimi kuanzia mguu hadi kifuniko. Akanijibu kwa upole kwamba kazi yangu dunia nzima inaiona. Wale wa ndani wanafanyia kazi gizani, basi tuwaachie majina yao. Akaongeza kwamba sikukuu ikifika nitakula bata bukini kama kila mtu. Sawa, lakini meza ya juu wanakaa wenye majina tu. Sisi wengine tunakaa karibu na mlango na kupata shingo.

Nimerudi kwenye kifuniko changu nikaota nikiwa nimesimama. Miaka mia imepita. Fundi fulani ambaye hajazaliwa anauvuta mtambo, anapangusa vumbi, anasoma: D. Quast. Anavua kofia.

Lazima jina langu liingie humo!

Jumanne, 4 Novemba

Mbinu ya kwanza. Safi kabisa. Ubao wa sauti nao hupakwa vanishi, sivyo? Na vanishi ni ya nani? Yangu! Nikipaka mkono mmoja tu, mimi ni mtu wa ndani.

Nikapanda darini kwa Fundi Tiedemann, mchonga ubao wa sauti. Ni chumba chenye joto, kinanukia utomvu, na mbao za msonobari zimesimama ukutani kama waumini wanaosubiri ibada. Nikamwambia piano ya miaka mia inaonekana kavu kidogo, ubao wake ungefurahia tabaka moja zaidi. Tiedemann akaacha kuranda. Akasema vanishi ya ubao huo aliipaka mwenyewe, nyembamba kama pumzi, na tabaka moja zaidi lingeukaba koo. Kisha akanitazama akauliza kama nimewahi kuusikiliza mti.

Nikasema kila siku. (Uongo.)

Akanipa mbao kadhaa, akaniambia nizigonge kwa kifundo cha kidole, nimchagulie inayoimba. Akashuka kufuata gundi. Nikagonga. Nikafumba macho nisikie vizuri. Ubao ukajibu kwa mbali sana, na katika jibu lake kulikuwa na mlima, na theluji, na mtu anayekata kuni upande wa pili wa bonde. Sijui nilisikiliza kwa muda gani.

Niliamshwa na maranda yakimwagwa kichwani. Nilikuwa nimeukumbatia ubao mbaya kuliko yote, wenye fundo katikati. Na mlango nilikuwa nimeuacha wazi! Tiedemann alipiga kelele hadi njiwa wa paa la jirani wakaruka. Mlango, Quast, mlango! Mbao zinakunywa ukungu! Sasa hawezi kuunganisha kitu hadi zikauke tena.

Siku ya ndoto nzuri sana, lakini. Ule mlima nauona hadi sasa.

Jumatano, 5 Novemba

Kwa Knoop. Imenibidi kumeza fahari yangu, nayo ni kubwa.

Piano ya miaka mia iko katikati ya ukumbi wa kazi, kifuniko wazi. Nyuzi mpya hulegea, Knoop huzikaza, zinalegea tena, anazikaza tena. Nikamwambia naona amechoka, nimsaidie. Akacheka. Akasema, haya, shika huo waya wa akiba uukunje mzunguko mmoja, tukuone. Nikaushika. Waya ule una roho ya nyoka! Ukajifyatua, ukachukua miwani yangu, ukaitupa ndani ya sanduku la vumbi la mbao.

Bila miwani nikaegemea piano ili nijitulize. Mkono ukatua juu ya nyuzi nene za besi, zile zilizozungushiwa shaba. Laini. Baridi. Zikanong'ona kitu chini ya kiganja changu, nikaona kama nimeweka mkono juu ya mgongo wa mto unaotiririka. Nikazipapasa zote, kwenda na kurudi.

Knoop akageuka rangi. Mafundi wa nyuzi hawagusi shaba kwa mkono mtupu, jasho linaila na sauti inakufa polepole. Wao huvaa glavu. Mimi nilikuwa na jasho, na spiriti, na vanishi ya jana, na siagi kidogo ya mkate wangu. Imebidi azifute uzi kwa uzi kwa kitambaa kikavu, akilaani bila kupumzika.

Alichosema mwisho nakiandika hapa ili nisimsamehe. "Quast, kaka yangu, rudi kwenye meza zako za kulia chakula." Mbele ya watu wote! Ni kweli kabla ya hapa nilikuwa napaka meza. Zilikuwa meza nzuri.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua nyembamba, ile isiyosikika. Leo nilimwendea Bi Behnke, mlinganisha sauti. Huyu ni mwanamke mtulivu, na anapofanya kazi sisi wengine hatuthubutu hata kupiga chafya. Nilimwomba nizungushe pini moja tu ya kukazia uzi. Moja! Ili niweze kusema kwa haki kwamba nimeilinganisha.

Akasema kwanza nisikilize. Akabonyeza kitufe kimoja, ambacho kinyundo chake hupiga nyuzi tatu, na mbili kati yake zilikuwa bado hazijapatana. Sauti ikatoka ikiyumba. Wau, wau, wau. Akaniuliza kama nasikia mawimbi. Nilisikia! Kama mtu anayebembeleza mtoto kwenye chumba cha pili. Kazi yake, akasema, ni kukaza hadi mawimbi yapungue, yapungue, yaishe. Akaanza kuzungusha ufunguo wake. Mawimbi yakawa marefu. Yakawa marefu zaidi. Nikahisi machozi yananijia, nikamshika mkono nikamwomba asiyaondoe, ayaache hapo hapo, ndipo pazuri.

Bi Behnke akanitazama kwa mshangao, kisha akacheka hadi akakaa. "Bwana Quast, wewe ungeachiwa kazi hii, kila piano duniani ingeyumba kama ya baa!"

Pini sikuzungusha. Lakini nimeondoka na yale mawimbi kichwani, nikapaka vanishi nayo hadi jioni. Wau, wau. Mkono ulikwenda vizuri ajabu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimebaki na mmoja, aliye mgumu kuliko wote. Fundi Immelmann. Anastaafu sikukuu ikipita. Hii ndiyo piano yake ya mwisho.

Yeye hutia sauti. Maana yake ni hivi: ana kishikio chenye sindano, na kila kinyundo kina kichwa cha sufu ngumu. Anakichoma kidogo. Anabonyeza kitufe, anasikiliza, anatazama dirishani. Anachoma tena, au hachomi. Sauti inayogonga kama mlango inakuwa sauti inayoingia na kuketi. Ndiyo kazi yote. Sijawahi kuona mtu anayetazama dirishani kwa ustadi kama ule.

Nimempelekea keki ya plamu. Nzima! Nikamsifu mikono, nikamsifu babu yake, nikasikiliza habari za goti lake. Kisha nikamwomba nichome mara moja tu. Kinyundo chochote. Hata kile cha mwisho kabisa juu, ambacho wapiga piano hawakifikii wala hawakitaki.

Akala kipande cha pili. Akasema sufu ikichomwa kupita kiasi hairudi ilivyokuwa, hata ufanye nini. Amezipatanisha sauti zote sasa, moja na jirani yake, na akiniruhusu mimi, atastaafu huku akifikiria kinyundo kimoja.

Kwa hiyo ni hapana, nikauliza.

"Ni hapana, mwanangu. Lakini keki ni tamu."

Akaimaliza. Yote.

Jumamosi, 8 Novemba

Nisingeandika leo. Naandika.

Mapumziko ya chai, wote walitoka uani kumtazama muuza bata aliyekuja na kikapu. Nikabaki peke yangu na piano. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua likapita dirishani na kulala juu ya kifuniko changu, na nyuzi zote zilionekana mara mbili, zile zenyewe na zile za ndani ya vanishi. Nikajiambia, Detlev, huombi tena ruhusa. Jina ni la kwako, penseli ni ya kwako.

Nikafungua skrubu. Nikaondoa vibao vya pembeni. Penseli mdomoni. Nikauvuta mtambo.

Kila mtu katika karakana hii analijua jambo moja kabla hajajua choo kiko wapi: ukiuvuta mtambo wa piano, usikibonyeze kitufe hata kimoja. Kitufe kikishuka, kinyundo kinainua kichwa. Na juu yake pana boriti ya kushikilia pini, ambayo haina huruma. Mtambo unashikwa kwa chini, kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mimi niliuvuta kama droo ya kabati. Mkono wa kushoto ukiwa umelala juu ya vitufe vya besi.

Mlio ule! Mdogo tu. Kama mtu anayetembea juu ya matawi makavu.

Nikasimama na vichwa vya vinyundo vikining'inia na vingine vimeanguka. Mlango ukafunguka, akaingia Fundi Immelmann kufuata kikombe chake. Akatazama. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha kupigia piano, mikono juu ya magoti, akawa mzee mbele ya macho yangu. Mwisho akasema:

"Quast. Itoe hiyo penseli mdomoni."

Ni hilo tu. Heri angenipiga.

Jumapili, 9 Novemba

Katika mji huu hata nguo hazianikwi Jumapili. Lakini asubuhi, kengele zikilia, mimi na Fundi Immelmann tuliingia karakana kwa mlango wa nyuma, ili wengine wasijue. Aliniambia kazi yangu ni kushika taa na kupasha gundi, na kwamba nikigusa kitu kingine chochote atanikata vidole, atavichonga vijiti vya vinyundo.

Vichwa vilikuwa vizima, vijiti ndivyo vilivyokatika. Akatoboa mabaki ya mti ndani ya kila kichwa, taratibu, akaweka kijiti kipya, gundi, akakitazama kwa jicho moja kama kimenyooka. Kimoja baada ya kingine. Sikusema neno. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kuandikwa.

Gundi inahitaji muda. Tukakaa tukila mkate wake na soseji ya maini, jua likitembea sakafuni. Akasema kwamba anaogopa. Hivyo hivyo, bila kuzunguka. Anaogopa Jumatano, siku ambayo ataamka na mikono yake haitakuwa na la kufanya. Mkewe amemwambia apande waridi. Hapendi waridi.

Nikaona aibu. Aibu ya kweli, si ile ya mbele za watu. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa Mama Hollweg nimwambie yote. Akatikisa kichwa. Akasema hakuna haja ya kwenda ofisini, ukweli wa piano una mahali pake pa kuandikwa.

Mchana akaurudisha mtambo ndani. Kwa chini, kwa mikono miwili, kwa heshima. Akabonyeza besi, kitufe kwa kitufe, nami nimeshika taa ingawa palikuwa na jua. Na nikasikia! Kwa mara ya kwanza nikasikia anachosikia yeye. Sauti ilikuja kutoka chini, nyeusi na laini, ikapanda, ikakaa pamoja nasi chumbani bila haraka ya kuondoka. Sauti yake ilikuwa bado imo ndani ya sufu. Haikupotea hata moja. Mzee akatazama dirishani, na machozi yakamtoka, na yangu pia, kengele za mchana zikaanza, na sote wawili tukajifanya tunatafuta kofia zetu.

Nimeapa. Sitafanya mbinu tena maishani mwangu. Naipaka dunia vanishi na basi.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martin. Jioni watoto wamepita barabarani na taa zao za karatasi wakiimba, na mwanga wao umepita juu ya kifuniko changu, nyekundu, kijani, manjano, ukiyumba. Nilisimama nikautazama hadi Tiedemann akanisukuma nisogee.

Mama Hollweg ameipiga piano kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyekohoa. Alipomaliza akafunga macho kidogo, akasema imepokelewa.

Kisha penseli. Mtambo ukavutwa, mafundi wakainama mmoja mmoja kwenye ubavu wa kitufe cha kwanza. Tiedemann, ubao. Knoop, nyuzi. Bi Behnke, ulinganishaji. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango, na kiapo changu. Mwisho akaja Fundi Immelmann. Akaandika. Akaendelea kuandika. Akalamba ncha ya penseli, akaandika tena. Watu wakaanza kutazamana.

Knoop hakuweza kuvumilia, akainama akasoma kwa sauti. "Immelmann, sauti. Vinyundo vya besi vilivunjwa na D. Quast, fundi wa vanishi, kwa sababu ya ujinga. Alishika taa vikitengenezwa. Sauti ni ile ile."

Ukumbi mzima ukalipuka. Tiedemann alishika ukuta. Bi Behnke alisema "Bwana Quast, Bwana Quast!" akishindwa kuendelea. Knoop aliisoma tena kwa wale wa nyuma. Mama Hollweg hakucheka. Alimtazama Immelmann, akanitazama mimi, nikajua sasa nafukuzwa. Akasema desturi ya nyumba hii ni desturi: aliye na jina kwenye kitufe anakaa meza ya juu.

Nimekula paja la bata. Na kabichi nyekundu. Nimeketi kati ya Bi Behnke na Fundi Immelmann, ambaye alinimiminia divai akaniuliza kama najua lolote kuhusu waridi.

Jumatano, 12 Novemba

Kiti cha Immelmann ni kitupu. Tumekizunguka siku nzima bila kukitazama. Piano imekwenda zake ukumbi wa mji, imefungwa mablanketi.

Nikiwa napaka, mkono ukizunguka, nimefikiri kwa makini. Knoop amefunga nyuzi zote, siku nyingi, vidole vimemtoka damu. Amepata nini? "Knoop, nyuzi." Tiedemann, ubao wa sauti usio na kosa hata moja. "Tiedemann, ubao." Mimi je? Jina, cheo, sababu, na habari nzima ya taa! Hakuna mtu aliyewahi kuandikwa maneno mengi kiasi hicho kwenye kitufe cha Hollweg. Nimemweleza Knoop hesabu hiyo wakati wa supu ya viazi. Ameacha kula. Nimemuumiza, naona.

Mchana nikaota tena. Miaka mia imepita. Yule fundi anauvuta mtambo, anapangusa vumbi, anasoma. Havui kofia. Anacheka, anawaita wenzake, wanakuja wote wanasoma jina langu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti. Majina mengine hayasomwi kabisa. Nilizinduka nikiwa na furaha isiyo kifani na vanishi kwenye kiwiko.

Piano mpya imeanza kufungwa nyuzi leo. Nimeizunguka kidogo. Kuna vile vizuizi vidogo vinavyoshuka juu ya nyuzi kuzinyamazisha, vyembamba sana, vimepangwa kwa mstari. Fundi mpya wa sauti anakuja Jumatatu na hamjui mtu yeyote hapa. Nimechonga penseli, na nimemwambia mwokaji aniwekee keki ya plamu.